Mabunge ya Kaunti na Ufunguo wa Hazina

Mnamo mwezi wa Agosti mwaka 2024 Seneti ya Kenya ilimwondoa madarakani gavana wa Meru, Kawira Mwangaza, baada ya bunge la kaunti yake kumpeleka mbele ya maseneta kwa mara ya tatu katika muda usiotimia miaka miwili, na Machi iliyofuata Mahakama Kuu ikauthibitisha uamuzi huo. Kabla mwaka 2024 haujaisha, mwezi wa Oktoba, bunge la Kericho nalo likaleta daawa dhidi ya gavana wake, Erick Mutai, ambayo ilianguka mlangoni bila ya kusikilizwa kiini chake, kwa sababu ya hesabu inayofundishwa katika madarasa ya chini: wajumbe walikuwa 47, walioiunga mkono hoja walikuwa 31, na theluthi mbili ya 47 ni watu 31 na theluthi moja ya mtu, na maadamu mtu hagawanyiki, zilitakiwa kura 32. Mambo haya yalijaza kurasa za magazeti, wala sishangai, kwani anguko la mkubwa ni habari tamu kwa kila umma. Walakini katika mwaka ule ule mabunge yote 47 ya kaunti za Kenya yalipitisha makadirio ya fedha za zahanati, barabara za vijijini, visima na masoko, na ni raia wachache mno wangaliweza kutaja kilichokatwa, kilichoongezwa, na kilichopita pasi na kusomwa.

Dai langu ni kwamba bunge la kaunti limekabidhiwa na katiba nguvu kubwa kuliko inavyodhaniwa na wengi, pamoja na wengi wa wajumbe wake, lakini nguvu hiyo imekimbilia katika silaha ya mwisho, yaani kumwondoa gavana, kwa sababu silaha za kila siku, ambazo ni bajeti na hesabu, zinahitaji subira, elimu na uhuru wa mfuko, na katika hayo matatu la mwisho ndilo lililokosekana zaidi.

Watu wazima wa pwani hawakusikia habari za mabunge ya mikoani kwa mara ya kwanza mwaka 2010. Katiba iliyotokana na majadiliano ya Lancaster House, London, mwaka 1962, ilikuwa imekwisha kuigawa Kenya katika majimbo saba, ukiliacha eneo la Nairobi: Pwani, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi na Kaskazini Mashariki. Kila jimbo lilikusudiwa kuwa na bunge lake, na mabunge hayo yakachaguliwa mwezi wa Mei 1963, isipokuwa lile la Kaskazini Mashariki, ambako Wasomali waliususia uchaguzi kwa kuwa nyoyo zao zilikuwa zimeelekea Somalia. Ronald Ngala akawa rais wa bunge la Pwani. Daniel arap Moi akawa wa Bonde la Ufa. Chama chao cha KADU, kilichokuwa kimeyakusanya makabila madogo yenye hofu ya kumezwa, kiliyaona majimbo kuwa ngome; KANU, iliyoshinda serikali kuu katika uchaguzi ule ule, iliyaona kuwa ni kikwazo kilichowekwa na Waingereza katika njia ya dola changa. Sisemi nani alikuwa na haki zaidi, kwa kuwa hofu ya hawa ilikuwa ya kweli na hadhari ya wale nayo haikuwa ya bure. Lililo na faida kwetu leo ni namna mabunge yale yalivyokufa.

Hayakufa kwa mtutu wa bunduki wala kwa kura ya wananchi. Yalikauka. Katika mkutano wa London wa Septemba na Oktoba 1963, miezi michache tu baada ya uchaguzi, mamlaka yao yalikwisha kupunguzwa. Na baada ya uhuru Nairobi ikachelewesha fedha zilizokuwa haki ya majimbo na kuwashikilia watumishi waliotakiwa kuzifanya kazi zake, hata rais wa bunge la jimbo akabaki na cheo, kiti na karani, lakini asiwe na hazina ya kuamrisha lolote litendeke. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ikajivunja na viongozi wake wakavuka upande wa serikali. Tarehe 12 Disemba mwaka huo nchi ikawa jamhuri kwa katiba iliyokwisha kuyanyang'anya majimbo sehemu kubwa ya madaraka. Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 1966. Na mwaka 1968 mabaki ya mwisho ya mabunge yale, ambayo yalikuwa yamegeuzwa mabaraza ya mikoa, yakafutwa katika katiba. Mwaka uliofuata sheria nyingine ikaziondolea halmashauri za wilaya shule za msingi, afya na barabara, na kwa zaidi ya miaka arobaini mwananchi wa Garissa, wa Kwale au wa Busia akawa anaijua serikali kwa uso wa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, walioteuliwa kwa jina la rais, wasiojibu swali la mtu yeyote aliyechaguliwa mahali pale.

Walioiandika katiba iliyopitishwa na wananchi kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 walikuwa wameisoma historia hii vizuri, na dalili za usomaji huo zimo katika vifungu vyake. Kifungu cha 203 kinaamuru kwamba kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kifungu cha 219 kinasema fungu hilo lifikishwe bila ya kucheleweshwa pasipo sababu na bila ya kukatwa. Na kifungu cha 255 kinazuia malengo, misingi na muundo wa ugatuzi visibadilishwe pasipo kura ya maoni, ili kisije kikatokea tena kile kilichotokea 1964, ambapo wabunge wa Nairobi waliweza kuyazika majimbo pasipo kuwauliza wananchi. Seneti ikafufuliwa iwe mlinzi wa kaunti. Katika mwaka wa fedha wa 2013/14, wa kwanza kwa serikali hizi, kaunti zilipata shilingi bilioni 190 kwa njia ya mgao wa haki. Muongo mmoja baadaye, mwaka 2023/24, mgao ulikuwa zaidi ya bilioni 385. Mwenye jicho kali atauliza: asilimia 15 ya mapato ya mwaka gani? Katiba yenyewe yajibu kwamba ni ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na kwa kuwa hesabu hizo aghalabu huidhinishwa kwa kuchelewa sana, kiwango cha chini hupimwa kwa mapato ya miaka iliyopita. Ndiyo maana ushindani wa kila mwaka baina ya Seneti na Bunge la Taifa juu ya mgao una uzito kuliko kiwango hicho chenyewe.

Sasa tulitazame bunge lenyewe. Nchi nzima ina wadi 1,450, na kila wadi humchagua mjumbe mmoja, kwa hivyo ukubwa wa mabunge hutofautiana sana: Lamu ina wadi 10, Mombasa 30, Nairobi 85. Juu ya hao waliochaguliwa huongezwa wateule kutoka orodha za vyama, kwanza ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, pili ili vijana, watu wenye ulemavu na jamii zilizotengwa wapate sauti. Spika huchaguliwa na wajumbe lakini si mmoja wao. Nimewasikia wanaume wengi wakiwabeza wajumbe wanawake walioteuliwa kwa kuwa hawana wadi, nami naliona hilo kuwa kosa la insafu na la hesabu pia, kwani mjumbe asiye na wadi ndiye mwenye sababu chache zaidi za kubadilishana kura yake kwa kalvati moja na trekta ya kusawazisha njia, na laiti vyama vingekuwa vinateua kwa sifa badala ya undugu na shukrani, benchi hilo lingekuwa uti wa mgongo wa kamati za hesabu.

Jambo ambalo msomaji wa Tanzania hulistaajabia ni kwamba mawaziri wa kaunti hawaketi katika bunge. Gavana huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, huwateua mawaziri wake, wasiozidi kumi, kutoka nje ya wajumbe, na bunge huwaidhinisha au huwakataa. Baada ya hapo wao ni watu wa upande wa pili. Katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, lililoanza mwaka 1980, waziri hutoka miongoni mwa wawakilishi wenyewe, huketi kwenye kiti chake, husimama kujibu swali, na aibu ya jibu baya humpata papo hapo mbele ya wenzake. Mpango wa Kenya una faida yake, kwa sababu mjumbe hatamani uwaziri hata akajitia upofu kwa ajili ya kuungoja; una hasara yake vilevile, kwa maana waziri wa kaunti huonekana tu anapoitwa na kamati, na asipotokea, bunge hulazimika kutumia kifungu cha 195, kinachozipa kamati uwezo wa kuwaita mashahidi kwa nguvu sawa na ya Mahakama Kuu. Nguvu hiyo ni kubwa kwa maandishi. Inapotumika dhidi ya afisa mwenye ushauri wa mawakili, hugeuka kesi ya miezi mingi.

Kazi za bunge ni tatu, kutunga sheria, kuisimamia serikali ya kaunti, na kuidhinisha mipango na fedha, na juu ya ile ya kwanza sitakawia. Jedwali la Nne la katiba limeziorodhesha kazi za kaunti: kilimo, afya ya kaunti, masoko, leseni, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na mengineyo, na katika hayo bunge lina uhuru wa kutunga. Muswada ukipita hupelekwa kwa gavana, naye ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha na maelezo yake. Wajumbe wanaweza kumshinda kwa theluthi mbili. Na sheria haiwi sheria mpaka itangazwe katika gazeti rasmi. Sheria ya kaunti ikigongana na ya taifa, kifungu cha 191 kinaeleza ipi itangulie, na kwa kawaida ya taifa ndiyo inayotangulia palipo na haja ya usawa wa nchi nzima. Hata hivyo kuandikwa katika jedwali si kukabidhiwa: feri na bandari zimo katika kazi za kaunti, ukiacha usimamizi wa uchukuzi wa majini wa kitaifa na wa kimataifa, lakini kivuko cha Likoni, ambacho ndicho mshipa wa uhai baina ya kisiwa cha Mombasa na upande wa kusini, kimebaki mikononi mwa shirika la serikali kuu.

Sheria inayomgusa mtu wa kawaida kila mwaka ni ile ya fedha, inayopanga ushuru wa soko, ada za maegesho, leseni za duka na kodi ya ardhi, na hapo ndipo mahakama zilipoyafundisha mabunge adabu mapema. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika kuitunga, na tangu hukumu ile hakuna karani wa bunge la kaunti anayethubutu kusahau tangazo la mkutano wa wananchi. Walakini desturi hii imezaa unafiki wake. Tangazo hutolewa gazetini siku chache kabla, waraka wa mamia ya kurasa huwekwa ofisini makao makuu, mkutano hufanyika asubuhi ya siku ya kazi katika ukumbi ulio mbali na mchuuzi wa mboga ambaye ushuru wake ndio unaojadiliwa, jina la kila aliyehudhuria huandikwa kwenye daftari, na daftari lile ndilo litakaloletwa mahakamani kuwa ithibati ya kwamba umma ulishauriwa.

Naam, tuje kwenye bajeti, ambako ndiko moyo wa shauri ulipo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka kalenda ambayo, kama ingefuatwa na wajumbe wanaojua kusoma jedwali la tarakimu, ingelifanya bunge la kaunti kuwa na mamlaka ambayo wabunge wa nchi nyingi za Afrika hawayajui. Mwanzo wa Septemba huletwa mpango wa maendeleo wa mwaka, unaotakiwa ufuate mpango mkuu wa miaka mitano. Mwisho wa Septemba huja tathmini ya bajeti iliyopita. Kabla ya Februari kuisha huletwa waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka vikomo vya kila idara. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe yawe mezani. Na kufikia 30 Juni sheria ya matumizi iwe imepita. Ni huo waraka wa Februari ambao wajumbe huupuuza kwa hasara yao, kwa kuwa vikomo vikishapitishwa pale, mjadala wa Mei na Juni unakuwa wa kuhamisha mashimo kutoka barabara hii kwenda ile. Mjumbe anayengoja Juni ili apiganie hospitali ya wadi yake amekwisha kuchelewa kwa miezi minne, na huenda hajui kwamba amechelewa.

Baada ya fedha kutumika bunge hupewa nafasi ya pili. Mkaguzi Mkuu anatakiwa atoe ripoti yake ndani ya miezi sita tangu mwaka wa fedha ulipokwisha, na kifungu cha 229 kinalipa bunge miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua ifaayo. Katika ripoti hizo kuna majina ya miradi iliyolipwa isijengwe, mishahara iliyolipwa nje ya mfumo rasmi, na madeni ya wazabuni yaliyorithiwa kutoka utawala mmoja hadi mwingine. Hakuna hazina kubwa zaidi ya ushahidi kwa mtu anayetaka kuisimamia serikali. Hata hivyo katika mabunge mengi ripoti hukaa kabatini kwa miaka, kisha hujadiliwa ya miaka mitatu kwa mkupuo, wakati waziri aliyehusika amekwisha ondoka na gavana ameingia mwingine. Magavana wenyewe huogopa zaidi kuitwa na kamati ya hesabu ya Seneti kule Nairobi kuliko kuitwa na kamati ya bunge lao lililo hatua mia kutoka ofisini mwao. Ukweli huu ni wa kuumiza, maana Seneti ina kaunti 47 za kushughulikia na bunge lina moja tu.

Kwa nini iwe hivyo? Wengi hujibu upesi kwamba wajumbe ni wajinga, au wala rushwa, na kwamba walijiharibia jina tangu miaka ya mwanzo kwa safari za mafunzo za nchi za ng'ambo na mashindano ya posho za vikao. Siwatetei. Lakini mtu akichunguza muundo atakuta sababu iliyo kubwa kuliko tabia. Mishahara ya wajumbe hupangwa na tume ya taifa ya mishahara. Matumizi ya bunge kwa jumla yamefungwa na kanuni za fedha za mwaka 2015, kwamba yasizidi asilimia saba ya mapato yote ya kaunti, au mara mbili ya mishahara ya bunge hilo, kiasi kilicho kidogo kati ya viwili. Na fedha zile zilizokwisha kuidhinishwa hutoka katika mfuko wa kaunti kwa idhini ya Msimamizi wa Bajeti, baada ya kuombwa na hazina ya kaunti, ambayo mkuu wake ni waziri wa gavana. Bunge hupewa fungu lake na yule yule linalotakiwa kumhukumu, kama mlinzi wa ghala anayengoja posho yake mkononi mwa mwenye kuchota nafaka. Gavana hana haja ya kuvunja sheria ili alinyamazishe. Yatosha kuchelewa, kusingizia kwamba Nairobi haijaleta fedha, jambo ambalo mara nyingi huwa kweli, na kuwalipa wakandarasi kwanza. Kilio cha maspika cha kutaka mfuko wa bunge uliotengwa kisheria kimesikika tangu siku za mwanzo, nami nakiunga mkono bila ya sharti, ijapokuwa najua kwamba kutakuwa na wajumbe watakaoutumia uhuru huo kwa safari nyingine za ng'ambo.

Siungi mkono, hata hivyo, kilio chao cha pili, ambacho wananchi hukipenda zaidi. Mjumbe wa wadi hutazama mbunge wa taifa akiwa na hazina ya maendeleo ya eneo bunge lake, akijenga madarasa yenye jina lake na kugawa basari, naye huulizwa na wapiga kura wake: wewe umetufanyia nini? Ndipo mabunge mengi yakataka hazina ya maendeleo ya wadi, na mengine, pamoja na Nairobi, yakaitungia sheria. Mantiki yake hueleweka, lakini inalivunja bunge kutoka ndani. Mtu anayechagua mradi, anayejulikana na mkandarasi, na anayekata utepe, hawezi kesho yake kuketi katika kamati ya hesabu akauliza kwa nini simenti ilikuwa nusu. Na gavana mwerevu hujua kwamba wadi iliyopewa barabara mwezi wa Mei ina mjumbe mpole mwezi wa Juni. Nakiri kwamba mwananchi ndiye anayemsukuma mjumbe wake huko: mtu hachaguliwi tena kwa sababu alisoma ripoti ya mkaguzi, huchaguliwa kwa sababu alihudhuria maziko na kulipa karo.

Mjumbe akishindwa kulifikia fungu la gavana kwa bajeti, na akakosa uhodari wa kulifikia kwa ukaguzi, humbakia mlango mmoja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yataka theluthi moja ya wajumbe waiunge mkono hoja ya kumwondoa gavana, kisha theluthi mbili ya wajumbe wote waipitishe. Spika humwarifu Spika wa Seneti katika siku mbili, na Seneti huamua ama kwa kamati ya maseneta 11 ama kikao kizima. Sababu zimetajwa na kifungu cha 181: kuvunja katiba au sheria kwa kiwango kikubwa, kuwapo sababu za kuamini kwamba ametenda jinai, kutumia vibaya madaraka au mwenendo mbaya uliokithiri, au kutoweza kazi kwa mwili au akili. Wa kwanza kuonja haya alikuwa Martin Wambora wa Embu, mwaka 2014. Aliondolewa, akarejeshwa na mahakama, akaondolewa tena, akarejeshwa tena, akachaguliwa upya 2017, na kabla ya kumaliza vipindi vyake viwili akawa mwenyekiti wa Baraza la Magavana. Mwaka 2020 Seneti iliwaondoa wawili, Ferdinand Waititu wa Kiambu mwezi wa Januari na Mike Sonko wa Nairobi mwezi wa Disemba, na hao hawakurudi.

Chombo hiki nakiona cha lazima, na katika baadhi ya kesi kilitumika kwa haki. Taabu yake ni kwamba hakipimiki: hakuna namna ya kumwondoa gavana kidogo. Bunge linaloweza kukata fungu la safari za gavana mwezi wa Juni, au kumkataa waziri asiyefaa, au kusimamisha mradi mmoja wenye harufu, lina adhabu ndogo kwa kosa dogo na kubwa kwa kubwa. Bunge lililoacha hayo yote hubaki na adhabu moja, nayo hutolewa hata pale ugomvi ni wa basari, hata wanaotazama wakashindwa kujua ni lini wajumbe wanalinda mali ya umma na ni lini wanapandisha bei ya utulivu wao. Na ugomvi ukizidi, dawa ya katiba ni kali zaidi: kifungu cha 192 kinaruhusu serikali nzima ya kaunti isimamishwe. Makueni ililijaribu hilo. Gavana Kivutha Kibwana na bunge lake waligombana juu ya bajeti hata wananchi wakaleta ombi la kuivunja kaunti, tume ikaundwa, tume ikapendekeza ivunjwe, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Nadhani alifanya vema, kwa kuwa lau angekubali, kila gavana aliyeshindwa kupitisha bajeti angejifunza njia ya mkato.

Kuna mamlaka moja zaidi ambayo huisahau hata mwenye kuyajua hayo yote. Kifungu cha 257 kinasema muswada wa kubadili katiba unaoletwa kwa saini za wananchi milioni moja lazima upite katika mabunge ya kaunti yasiyopungua 24 kabla ya kufika Bunge la Taifa na Seneti, nayo yana miezi mitatu ya kuujadili. Mwaka 2019 muswada wa Punguza Mizigo wa mwanasiasa Ekuru Aukot ulikufa hapo kwa kukosa idadi hiyo. Mwanzoni mwa 2021 ukaja ule wa Mpango wa Maridhiano (BBI), ulioungwa mkono na Rais Kenyatta na Raila Odinga, na mabunge zaidi ya 40 yakaupitisha katika wiki chache, mwezi ule ule ambao wajumbe waliidhinishiwa ruzuku ya magari ya shilingi milioni mbili kila mmoja. Siwezi kuapa kwamba kura zilinunuliwa kwa magari. Naweza kusema kwamba mabunge yaliyopewa robo ya mwaka kufikiri yaliona siku chache zinatosha, na kwamba kazi ya kuuchunguza muswada ule ikafanywa na majaji, walioutupa katika Mahakama Kuu Mei 2021, katika Mahakama ya Rufani Agosti, na hatimaye katika Mahakama ya Juu Machi 2022. Wajumbe wa kaunti walikuwa wameshika funguo za katiba ya nchi nzima, wakazirudisha kwa mwenye gari.

Pamoja na hayo sitaki mtu aniweke miongoni mwa wanaotamani mkuu wa wilaya arudi. Kabla ya 2013 mtu wa Hola au wa Wundanyi hakuwa na mlango wa kubisha. Leo ana jina, ana namba ya simu, na ana kiti cha wananchi katika ukumbi wa bunge ambacho kifungu cha 196 kinamhakikishia, kwa kuwa vikao na kamati zote ni za wazi ila penye sababu ya pekee. Mfuko wa bunge utengwe kwa sheria. Hazina ya wadi iachwe. Kamati ya bajeti iajiri wachumi wake yenyewe wasiokopwa kutoka kwa waziri wa fedha. Na wewe msomaji, mwezi wa Februari ujao, usingoje mjumbe wako aje mazishini ndipo umsemeshe: nenda kwenye ofisi ya karani wa bunge la kaunti yako, uombe waraka wa mkakati wa fedha na ripoti ya mwisho ya Mkaguzi Mkuu, kisha umpigie mjumbe simu umuulize ni lini kamati yake itaijadili.